Rimoti ya Pili

Jumatano jioni, watu walipokwisha kutawanyika baada ya maombi, kijana mmoja wa usharika wetu hapa Mwanza alibaki kwenye benchi la nyuma. Pembeni yake kulikuwa na begi gumu jeusi, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Nilipomkaribia akainuka.

“Shikamoo, Baba Mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu. Naona leo umekuja na mgeni.”

Akatabasamu, akalifungua begi. Ndani ilikuwamo droni yake, Inspire 2, ile anayopigia picha za harusi na filamu za makampuni, na kwa miaka kadhaa sasa imewalisha yeye na mkewe na mtoto wao. Amenipa ruhusa nikusimulie tuliyozungumza jioni ile, mradi nisitaje jina lake.

Alikuja na swali moja: abadilishe kamera, au abaki na aliyo nayo? Mimi si mtu wa vyombo hivi, kwa hiyo alinifundisha taratibu, nami nakueleza kama alivyonieleza, kwa maana swali lake lilikuwa la haki na sikutaka kulipita haraka kwa kukimbilia Maandiko.

Droni yake ilitoka mwishoni mwa 2016. Chini yake imening'inizwa kamera iitwayo X5S. Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga, na chake kina ukubwa wa milimita 17.3 kwa 13. Mwaka 2017 watengenezaji wale wale walitoa kamera nyingine inayofungwa kwenye droni hiyo hiyo, X7, ambayo kihisi chake ni milimita 23.5 kwa 15.7. Ukisikia hivyo unaona ni tofauti ndogo. Lakini ni kama kukinga mvua. Ikinyesha mvua kubwa, ndoo itajaa na beseni litajaa. Yakija manyunyu, mwenye beseni ndiye atakayepata maji ya kunawa uso.

Na kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kazi ya manyunyu. Ameombwa kupiga filamu ya wavuvi wa dagaa. Unawajua: hutoka jua likizama, usiku usio na mbalamwezi, na taa zao huwaka moja moja majini hadi ziwa linaonekana kama mji. Zile dakika chache kati ya machweo na giza ndizo anazozihitaji, na katika dakika hizo X5S humletea chenga kwenye picha. Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye kompyuta yake. Hakuwa akijitafutia sababu.

Nikamuuliza gharama. Hapo akapumua. X7 haivai lenzi alizo nazo, maana mdomo wake ni wa aina yake, hivyo lenzi zote ni za kununua upya. Mafaili yake ni makubwa, kwa hiyo na kompyuta hii iliyochoka itabidi ipumzishwe. Na je, akiruka hatua aende moja kwa moja kwenye Inspire 3, iliyotoka Aprili 2023 na kihisi kikubwa zaidi ya hivyo vyote? Hiyo haipokei kamera za zamani hata moja. Droni mpya, kamera mpya, betri mpya. Ilipotoka bei yake ilipita dola 16,000. Mfukoni mwake alikuwa na fomu ya mkopo wa Saccos, imekunjwa mara nne, haijajazwa.

Nikamwomba anioneshe kazi zake zaidi, siyo za jioni tu. Akanifungulia picha alizopiga saa sita mchana, jua likiwa la kutosha kabisa. Mpendwa, hata mimi nisiyejua kitu niliona jambo. Mtumbwi ulikuwa unaingia kwenye picha, kisha unatoka. Droni ilipogeuka, kamera nayo ilishtuka, kama mtu aliyeitwa jina ghafla. Hapakuwa na chenga, mwanga ulikuwa tele, lakini picha haikutulia.

Halafu, kwa bahati, akafungua faili lisilo lenyewe. Ilikuwa ni mitumbwi ile ile, ila sasa droni ilikuwa inakwenda mbele huku kamera ikimtazama mvuvi mmoja tu, ikimzunguka polepole bila kumwacha, mpaka ukaona mikono yake ikivuta kamba. Nilishika pumzi.

“Hii uliipiga kwa kamera gani?”

“Hii hii, Baba.”

“Na wakati ule kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo?”

Alinyamaza muda mrefu. Nje mlinzi alikuwa anafunga madirisha.

“Nilikuwa na mdogo wangu.”

Ndipo nikafahamu jinsi chombo kile kinavyofanya kazi. Inspire hupenda watu wawili. Mmoja hushika rimoti ya kwanza akairusha, na mbele ya droni kuna kamera ndogo ya kumwonesha njia. Wa pili hushika rimoti yake akageuza kamera kubwa kule anakotaka, hata kama droni inaelekea kwingine. Ni mtumbwi tu: mmoja yuko kwenye kasia, mwingine yuko kwenye nyavu. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili kwa rimoti moja, na wengi hufanya, lakini mwenye kasia akiinuka kurusha nyavu, mtumbwi hujichukulia njia yake.

Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya jioni ile, walikuwa kazini Ukerewe. Mdogo akasema, “Kaka, kushoto pako wazi.” Hapakuwa wazi. Droni iliparamia tawi la mwembe ikaanguka, mkono wake mmoja ukavunjika na kamera ikang'oka. Mbele ya mteja na watu wa kijiji, kaka alisema maneno ambayo hakuyarudia kwangu, nami sikumwomba ayarudie. Droni ilitengenezwa. Ndugu wale wawili hawakutengenezwa. Tangu siku ile kaka anarusha peke yake.

Je, umewahi kuwa na kitu kama hicho? Unatafuta kilichopungua, unaangalia mkononi mwako, unakagua chombo, unalinganisha bei, na kumbe kilichopungua kina jina, na kinakaa mtaa wa pili? Sisi viongozi wa usharika tuliwahi kununua spika kubwa kwa sababu kwaya ilikuwa haisikiki vizuri. Zilifungwa Jumamosi. Jumapili tukasikia kwa ukubwa zaidi kwamba sauti ya kwanza na sauti ya tatu hawajapatana.

Nilimkumbusha kijana fundisho la Bwana wetu juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akamkumbuka ndugu yake. Akanijibu upesi, “Lakini Baba, yeye ndiye aliyenikosea.” Sikumpinga. Nilimwomba tu alitazame neno hilo tena kwa utulivu, kwa kuwa mimi nimelisoma miaka mingi nikiamini linamhusu mtu mwenye kinyongo. Sivyo. Pale madhabahuni, mwenye neno moyoni ni yule mwingine, aliyebaki nyumbani. Mwenye sadaka ndiye anayeambiwa atoke akamtafute.

Akaanza kukunja na kukunjua ile fomu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi nisogee ili kuisikia: “Kazi ya kuangalia njia ilikuwa yangu. Yeye macho yake yanapaswa kuwa kwenye picha. Siku ile picha ilikuwa nzuri mno. Nikawa natazama skrini yake badala ya kutazama droni. Nikamuuliza yeye kama kushoto pako wazi.”

Alikuwa ameibeba kweli hiyo mwaka na miezi miwili. Na hasira aliyokuwa ameifunika juu yake sidhani ilikuwa ya mdogo wake hata kidogo. Mara nyingi tunamchelewesha mtu msamaha, siyo kwa sababu kosa lake ni kubwa, bali kwa sababu tukimsamehe tutabaki uso kwa uso na la kwetu. Ukijikuta hapo, mpendwa, usijichape. Mungu aliyekuonesha jambo hilo alikuwa analijua siku zote, na siku zote hizo alikuwa bado anakupenda.

Sikumwambia asinunue kamera. Napenda hilo lieleweke, maana wapo wanaodhani mchungaji kazi yake ni kuwaambia watu chombo kipya ni tamaa. Daudi alivishwa kofia na dirii ya Mfalme Sauli, akajaribu kutembea, akavivua, akaenda na kombeo lake. Tunalihubiri sana hilo. Lakini Daudi huyo huyo, baadaye, akiwa mkimbizi pale Nobu, aliletewa upanga wa Goliathi uliokuwa umefungwa nguoni, na akauchukua bila kusita. Kuna siku chombo kikubwa si chako, na kuna siku ni chako. Hata yule mwenye sadaka, akishapatana na ndugu yake, haambiwi aitupe. Anaambiwa arudi aitoe.

Kabla hatujaagana nilimuuliza rimoti ya pili iko wapi. Alipapasa chini kabisa ya begi, chini ya nyaya, akaitoa. Ilikuwa na vumbi na haikuwaka. Aliipangusa kwa shati lake, akaibeba mkononi, hakuirudisha begini.

Mengine aliyafanya bila mimi. Najua tu kwamba Ijumaa alikwenda kwa mdogo wake, akakaa nje kwenye kibaraza zaidi ya saa nzima kabla hawajazungumza, na kwamba shemeji aliwaletea chai mara mbili. Najua pia kuwa swali la kamera sasa wanaliuliza wawili. Wamekubaliana wakodi X7 kwa usiku wa wavuvi tu, waone inawapa nini, ndipo waitazame tena ile fomu. Mdogo ndiye aliyefikiria kukodi. Kaka, kwa miezi yote ile, hakulifikiria.

Juzi waliniita ufukweni niwaone wakifanya mazoezi. Walikuwa na kamera yao ya zamani, jua limeshaanza kuwa jekundu juu ya mawe. Walisimama bega kwa bega, kila mmoja na rimoti yake, hawatazamani. Kaka macho yake juu, mdogo macho yake kwenye skrini. Droni ikapita juu ya maji, ikazunguka mtumbwi uliokuwa unawasha taa yake ya kwanza, ikaanza kurudi upande wa miti.

“Kaka, kushoto vipi?”

“Kuna mti. Nimeuona. Wewe endelea kupiga.”