Kinga ya Kupewa

Swali la iwapo mwumini anayetafuta kinga ya tabibu amepunguza tumaini lake kwa Mungu ni kongwe kuliko elimu ya virusi, lakini nchini Tanzania lilipata uzito mpya wakati wa ugonjwa wa korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na Rais John Magufuli aliacha nyumba za ibada wazi, akaitisha siku tatu za maombi ya kitaifa kuanzia tarehe 17 Aprili, na mwezi Juni akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa huo. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kupitia kwa rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, liliwatahadharisha waamini kwamba ugonjwa bado ungalipo. Na tarehe 28 Julai mwaka huo rais aliyefuata, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani. Ndani ya takriban miezi 16, basi, mwumini wa wilaya ya Ngara au ya Biharamulo alikuwa ameambiwa na wenye mamlaka kwamba maombi yamejibiwa, kwamba hatari haijapita, na kwamba ajitokeze kuchanjwa.

Waliobishana wakati ule walitofautiana juu ya chanzo cha kinga, ila walikubaliana bila kujua juu ya mwenye kinga, kwani wote walizungumza kana kwamba ni mali ya mtu mmoja, aliyoipata ama kwa imani yake ama kwa sindano aliyodungwa begani. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu utafiti uliofanywa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi unaonyesha kwamba, mwanzoni mwa maisha, si ya kweli.

Mjini Kilifi, Kenya, kituo cha utafiti kinachoendeshwa na taasisi ya KEMRI pamoja na shirika la Wellcome kimekichunguza kwa muda mrefu kirusi kiitwacho kwa kifupi RSV. Kwa watu wazima wengi kirusi hiki huleta mafua ya kawaida tu, lakini kwa mtoto wa miezi michache hushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa ndani ya mapafu, ambavyo huvimba na kuzibwa na makamasi, mtoto akahema kwa shida na mara nyingine akafa. Watafiti wakiongozwa na James Nokes waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, na mtaalamu wa kinga Charles Sande alipima katika damu yao kupanda na kushuka kwa kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili zikishike kirusi na kukizuia kisiingie ndani ya seli. Ilidhihirika kwamba mtoto huzaliwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi ambacho hajawahi kukutana nacho, kwa kuwa ni za mama yake, zilizopita katika kondo la nyuma hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Hazidumu, kwani baada ya takriban miezi miwili na nusu hubaki nusu yake, na mtoto anapokaribia nusu mwaka huwa zimepungua sana. Utafiti mwingine wa hapohapo, uliofuatilia kaya za vijijini mwaka 2009 na 2010, ulionyesha kwamba wanaomletea mtoto mchanga kirusi hicho nyumbani ni, mara nyingi, kaka na dada zake wakubwa. Kwa hiyo kinga ya mtoto hutoka kwa mwingine, na hatari yake nayo hutoka kwa wengine, tena kwa wale wanaompenda.

Ukweli huu unaigusa falsafa moja kwa moja. Mwanasayansi wa Australia Frank Macfarlane Burnet, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Peter Medawar wa Uingereza, aliieneza fikra kwamba kazi kuu ya mfumo wa kinga ni kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni, kisha kukishambulia kigeni. Fikra hiyo imezaa matunda mengi, lakini Medawar mwenyewe aliuliza mwaka 1953 swali linaloitikisa: ikiwa ndivyo, kwa nini mwili wa mama haumkatai mtoto tumboni, ambaye nusu ya urithi wake imetoka kwa baba na kwa hiyo ni mgeni? Mama haishii kumvumilia mgeni huyo tu, bali humgawia silaha zake. Wakazi wa Ngara wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi, maana mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu laki mbili kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi na kupiga kambi Benaco, wilayani humo. Mpaka ulikuwa halali, ukawa na walinzi, na bado ulipitisha watu. Vivyo hivyo mwili una mpaka wa kweli, ila uhai hauendelezwi na ukuta peke yake.

Haitakuwa haki kusema hayo bila kukabili upande wa pili, ambao ni mzito. Kinga yenyewe huweza kudhuru, kwani sehemu ya mateso ya mgonjwa wa mapafu husababishwa na uvimbe unaotokana na mwili wake kujihami. Na chanjo nayo iliwahi kudhuru: katika miaka ya 1960 watoto wa Marekani walipewa chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kirusi kilichouawa kwa dawa ya fomalini, na walipoambukizwa baadaye waliugua vikali kuliko wasiochanjwa, wengi wakalazwa hospitalini na wawili wakafariki. Mhubiri anayewaonya watu dhidi ya kuiabudu kazi ya mikono ya binadamu ana hoja hapo, wala hapaswi kudharauliwa. Lakini waliofuata hawakuificha aibu hiyo. Waliendelea kuichunguza, hadi mwaka 2013 Jason McLellan, Barney Graham na wenzao walipobainisha umbo la protini ya kirusi hicho kabla hakijaungana na seli, umbo ambalo chanjo ya kwanza haikuwa imelionyesha vema kwa mfumo wa kinga. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana chanjo ya RSV inayodungwa mama mjamzito, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Anayechanjwa ni mama, anayekusudiwa kukingwa ni mtoto asiyezaliwa bado.

Mbele ya tendo kama hilo, swali la imani linageuka. Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu ngamia, kwamba afungwe kwanza ndipo mwenyewe amtegemee Mungu, hutolewa mara nyingi kuonyesha kwamba tahadhari haipingani na tawakuli, yaani kumwachia Mungu matokeo. Hoja hiyo ni sahihi, ila bado inamhusu mtu na mali yake. Karibu zaidi na jambo lenyewe ni fundisho la Mtume Paulo kwa Wakorintho kuhusu mwili wenye viungo vingi, ambamo viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Mtoto wa miezi saba ni kiungo cha namna hiyo: kingamwili za mamaye dhidi ya surua zimepungua, na chanjo yake nchini Tanzania hutolewa akitimiza miezi tisa, kwa hiyo katika kipindi hicho cha kati usalama wake unategemea sana kwamba walio karibu naye wamechanjwa. Mtu mzima aweza kusema kwamba anamwachia Mungu mwili wake, na usemi huo una heshima yake. Lakini hawezi kwa jina la imani yake mwenyewe kuuacha wazi mwili wa mtoto ambaye hajaulizwa. Na aliyechanjwa naye hana cha kujivunia, kwa sababu alipokuwa mchanga aliishi kwa kingamwili ambazo hakuzitolea jasho.

Wanaofundisha neno la Mungu makanisani na misikitini, Ngara na Biharamulo, hawana haja ya kungoja mlipuko mwingine ndipo walizungumzie jambo hili. Waanzie kliniki ya wajawazito, ambako kwa miaka mingi akina mama wa dini zote wamedungwa sindano ya pepopunda. Kingamwili wanazozitengeneza kutokana na sindano hiyo hupita katika kondo la nyuma na kumkinga mtoto katika siku zake za kwanza, na akina mama hao wameendelea kusali.