Je, Ni Haki Kuirudia Hatari?

Mtu aliyeokoka hatarini kwa shida, kisha akairudia kwa hiari yake, je, ni shujaa au ni mpumbavu? Na akienda pamoja na mwenziwe wa ndoa, dhamana ni ya nani? Twaona ni vema kulipima swali hili kwa habari za watu waliolijaribu kwa miili yao.

Bwana Miles Smeeton, aliyekuwa afisa wa jeshi la Waingereza katika Bara Hindi, na mkewe Bibi Beryl, walikuwa na chombo cha milingoti miwili, jina lake Tzu Hang, urefu wake futi 46. Mwezi wa Desemba 1956 walitweka kutoka Melbourne, nchi ya Australia, ili waizunguke Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, ambako pepo za magharibi huvuma pasipo nchi kavu ya kuzizuia. John Guzzwell, kijana fundi seremala, alifuatana nao.

Tarehe 14 Februari 1957 Bibi Beryl alikuwa peke yake penye usukani. Wimbi kubwa likaja kwa nyuma, likakipindua chombo, omo chini, tezi juu. Kamba aliyojifungia ikakatika, naye akatupwa baharini. Alipoinua kichwa aliona chombo hakina mlingoti hata mmoja. Akaogelea, ingawa ameumia, akashika mabaki yaliyoelea kando, akapandishwa. Wala hakwenda kulala. Alishika ndoo akafua maji pamoja na wenzake. Guzzwell akaziba matundu na kuunda mlingoti mwingine, hata mwezi wa Machi wakafika Coronel, nchi ya Chile, bila kukokotwa na mtu. Wahenga walisema kweli: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baadaye Guzzwell alikirudia chombo chake mwenyewe, akamaliza kuizunguka dunia mwaka 1959. Lakini mume na mke, Desemba 1957, walitweka tena kuiendea Cape Horn, wawili tu. Tarehe 26 ya mwezi ule walipinduliwa mara ya pili, milingoti ikavunjika, wakarudi Chile.

Hapa wasomaji wetu watagawanyika. Mmoja atasema onyo la kwanza lilitosha. Mwingine atajibu kwamba mwaka 1968 walijaribu tena, wakaizunguka ncha ile salama. Lakini kufika si hoja. Ikiwa safari ni haki kwa kuwa walifika, na ni kosa kwa kuwa walishindwa, basi mwamuzi wetu ni upepo.

Sisi twaona mizani ni mbili. Ya kwanza ni ridhaa. Aliyetupwa majini ndiye mwenye haki ya kwanza ya kukataa, na ridhaa ya jana haiwi ridhaa ya leo. Kila hatari mpya yataka shauri jipya. Mume asemaye, "Mke wangu yu radhi," kwa sababu tu hapo zamani alinyamaza, amejitwalia kisicho chake. Wala Guzzwell asiyerudi nao haitwi mwoga, maana aliyealikwa bila ruhusa ya kukataa hakualikwa, ameamriwa.

Mizani ya pili ni nzito zaidi: wasiokuwamo chomboni. Watu hawa walikuwa na binti, naye mwaka 1957 alikuwa angali msichana wa shule. Wazazi wawili wakipatana, wamemaliza jambo lililo kati yao. Deni la mtoto halijalipwa kwa mapatano yale. Mwaka 1968 binti yule alikuwa mtu mzima, na deni lenyewe limepungua.

Kwa hiyo twausifu moyo wa Bibi Beryl na ndoo yake, na safari ya 1968 hatuna neno nayo. Lakini ile ya Desemba 1957 twaona iliharakishwa. Bahari ingaliwangoja, utoto wa binti yao haukuwa na subira hiyo.