Mfungwa Asiye na Kosa

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi swali ambalo kwa kwanza laonekana dogo. Je, ni haki mtu kumfungia kiumbe asiye na kosa lo lote, si kwa ajili ya nyama, wala maziwa, wala ulinzi, bali kwa furaha ya kumtazama tu? Na kama amekwisha kumfungia, ana deni gani kwake?

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya watoto. Mwaka 1534 Martin Luther mwenyewe aliandika waraka wa mzaha, kana kwamba ndege wanamshtaki mtumishi wake, Wolfgang Sieberger, kwa kuwa ametega nyavu ili awanase. Waraka ule ulikuwa wa kuchekesha, lakini ndani yake mna neno la kweli: mnyonge asiye na sauti aweza kuwa na mashtaka ya haki juu ya mwenye nguvu.

Kwa habari ya ng'ombe na mbuzi swali si gumu sana. Zizi huwazuia, lakini pia huwakinga na chui na fisi. Nao hutupa maziwa na samadi, nasi twawapa majani. Mna kupeana. Basi, ili tulione swali lenyewe wazi, na tumchague mnyama asiye na kazi yo yote nyumbani. Huyu ni chinchila, ambaye watu wengi wa Ulaya na Marekani humfuga kwa kumpenda tu.

Chinchila ni mnyama mdogo wa jamii ya wale watafunao, kama panya na nungu. Uzito wake ni yapata nusu kilo. Ana masikio makubwa, mkia wenye manyoya, na miguu ya nyuma yenye nguvu ya kuruka. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, penye mawe na ukavu. Mchana hujificha katika nyufa za miamba, na usiku wa baridi hutoka kutafuta chakula. Manyoya yake ni laini mno, kwa maana katika kitundu kimoja cha ngozi yake huota nywele 50 au zaidi.

Uzuri huo ndio uliomponza. Watu waliwawinda kwa ajili ya ngozi hata wakakaribia kwisha, ikazibidi nchi za Chile, Bolivia, Peru na Argentina kufanya mapatano mwaka 1910 ya kuukataza uwindaji huo. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja aliyefanya kazi ya migodi huko Chile, jina lake Mathias Chapman, alichukua chinchila 11 mpaka California, ili awazalishe kwa ajili ya biashara ya ngozi. Hata yeye aliyetafuta faida aliwateremsha kutoka milimani polepole, na melini akawapoza kwa barafu, kwa kuwa alijua ya kwamba joto litawaua. Chinchila wengi wafugwao majumbani leo ni wazao wa wale. Huko kwao wamebaki wachache, na mwaka 1983 serikali ya Chile iliwatengea hifadhi karibu na mji wa Illapel.

Hapa mtu aweza kusema: “Kama kufungwa kwao kulianza kwa tamaa, basi na wafunguliwe waende zao.” Twajibu: Waende wapi? Mnyama aliyezaliwa kizimbani, na mama yake kizimbani, na bibi yake kizimbani, akifunguliwa katika bustani ya Hamburg hataishi. Kumwacha hivyo si kumweka huru, ni kumtupa. Kwa hiyo deni halifutwi kwa kufungua mlango. Yule asiyeweza kurudi kwao yatupasa kumfanyia kwao pale alipo. Watu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hawezi kushika jembe, wala hakuja kwa hiari yake. Jembe ni letu sisi tuliomwita.

Sasa natuwaze nyumba moja katika mji wa Ujerumani. Baba amemnunulia binti yake chinchila, na wote wampenda. Wampa kizimba kizuri chenye sakafu ya waya, nao wakiweka dirishani penye jua, ili asione baridi. Mtoto ampa zabibu kavu, kwa sababu yeye mwenyewe azipenda. Jumamosi wamwosha kwa maji na sabuni, ili awe safi. Mchana wamwamsha wacheze naye. Hakuna hata mmoja aliyemkusudia mabaya. Lakini siku moja ya mwezi wa Julai, mtoto arudi kutoka shule na kumkuta amelala ubavu, masikio yake mekundu, wala hapumui tena.

Ni nani aliyemwua? Twasema, aliuawa na upendo usiouliza.

Maana, kama wangaliuliza kwanza, wangaliambiwa hivi. Kizimba cha chinchila kiwekwe mahali pa baridi na pakavu, mbali na jua na jiko. Joto likipita nyuzi 25 za Selsiasi, maisha yake yamo hatarini. Sakafu iwe ya ubao, kwa kuwa waya huumiza nyayo. Kizimba kiwe kirefu kwenda juu, chenye rafu za mbao zilizopangwa kama ngazi, ili aruke asianguke mbali; na humo ndani kiwepo kijumba cha mbao cha kujificha, badala ya ule ufa wa mwamba. Asioshwe kwa maji, kwa sababu manyoya yake mazito hayakauki upesi, na ngozi huweza kushikwa na ukungu. Apewe bakuli la vumbi laini agaegae, kama jamaa zake wagaavyo katika majivu ya milima ya moto. Chakula chake ni majani makavu, daima, pamoja na maji safi. Vitu vitamu humharibu tumbo. Meno yake huota maisha yake yote, kwa hiyo apewe mti mgumu wa kutafuna, kama tawi la mtofaa. Akitolewa nje ya kizimba, nyaya za umeme zifichwe, asije akazitafuna akafa. Mchana aachwe alale. Asikamatwe kwa nguvu, maana akishikwa kwa hofu huacha manyoya yake mkononi mwa amshikaye. Tena, kwa kuwa huko kwao huishi kwa makundi, ni vema wawe wawili wapatanao.

Angalieni, wasomaji, jinsi karibu kila jambo lilivyo kinyume cha tupendavyo sisi. Sisi twapenda jua la asubuhi, yeye kivuli. Sisi twaoga kwa maji, yeye kwa vumbi. Sisi twafurahia vitamu, yeye majani makavu. Sisi twaamka mchana, yeye usiku. Wale wa nyumba ile walidhani wamemtendea kama walivyotaka kutendewa wao. Walimpa jua lao, utamu wao na sabuni yao. Ndipo twaona ya kwamba amri ile twaijuayo sote, ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka tutendewe, yaweza kushikwa vibaya. Je, ni nani kati yetu apendaye kupewa kile kimpendezacho mpaji? Kila mtu ataka aangaliwe jinsi alivyo, aulizwe haja yake, ndipo apewe. Basi kulitenda neno hilo ni kumjua mwingine kwanza, kama tutakavyo kujuliwa sisi.

Kwa hiyo maarifa si pambo la upendo, bali ni kazi yake ya kwanza. Nyumba na iwe tayari kabla mnyama hajaletwa. Tena mtu ahesabu miaka: chinchila atunzwaye vema huishi miaka 10, hata 20. Mtoto wa miaka minane aliyemlilia atakuwa mtu mzima, labda amekwisha kuhama, na mnyama yungali hai. Asiyeweza kuahidi miaka hiyo asimchukue. Na sisi tukaao pwani, Dar es Salaam au Tanga, ambako joto la mchana hupita nyuzi 25 karibu mwaka mzima, haki yetu kwa mnyama huyu ni kumwacha. Kukataa nako ni namna ya kupenda, hata kama mtoto atalia siku mbili.

Basi swali letu la kwanza tulijibuje? Twaona ya kwamba kumfungia asiye na kosa kwa furaha yetu tu si haki. Lakini aliyekwisha kufungwa, asiyeweza kurudi kwao, ana haki kwamba kizimba kipimwe kwa mwili wake na tabia yake, si kwa macho yetu. Mwenye kukipima hivyo ni mlinzi wake. Asiyetaka kukipima hivyo ni mwenye gereza, ingawa ambusu kila jioni.

Nasi tuliopewa watu mikononi mwetu, watoto, wanafunzi, wagonjwa na wazee, na tujiulize usiku wa leo: Je, tumewauliza haja yao, au tumewaweka tu penye jua letu?