Weka Kijiko Chini, Ini Lipumue

Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Kisha anakoroga, kijiko kikigonga kikombe kama kengele ya shule. Ni saa kumi na mbili asubuhi Mkiwa, wilayani Ikungi, pale barabara ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya Dodoma na Singida. Dereva wa lori amekaa kwenye benchi la mama lishe, mbele yake chapati mbili na chai ya rangi, tumbo limegusa meza. Wenzake wanamtania: "Kaka, hicho ni kitambi cha pesa!" Anacheka. Lakini ndani ya lori amefungia kopo la vidonge vya chai ya kijani, alivyouziwa safarini kwa ahadi kwamba vitayeyusha mafuta na kusafisha ini ndani ya mwezi mmoja.

Kaka dereva, nawe mama unayemimina chai, tuambiane ukweli. Jani halina kosa. Kinachodanganya ni ile ahadi.

Chai ya kijani na chai ya rangi hutoka kwenye mmea mmoja. Shika hiyo barabara ya Itigi, pita Rungwa, Makongolosi na Chunya, zaidi ya kilomita 500 mpaka Mbeya, kisha panda Rungwe: utayakuta mashamba ya chai yamefunika vilima. Jani likisagwa na kuachwa livute hewa, hugeuka rangi, nayo ndiyo chai tuliyoizoea. Likipashwa moto mapema kabla halijageuka, hubaki kijani, na hubaki na wingi wa viambato viitwavyo katekini. Kinachoongoza kati ya hivyo hufupishwa EGCG. Kikishirikiana na kafeini, huuhimiza mwili uchome mafuta. Tumboni nako hupunguza mafuta yanayofyonzwa. Ni kazi ya kweli, ila ndogo. Watu walipokunywa na kupimwa uzito, kilichopungua kilikuwa haba. Chai ni kibarua tu. Mwenye shamba ni wewe.

Na kibarua huyo ukimzidishia, hugeuka mharibifu. Mwaka 2018, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba virutubisho vyenye EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku hupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba seli za ini zinaumia. Mnywaji wa kawaida wa kikombe huko Ulaya hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 kwa siku. Na tangu 2003, Ufaransa na Uhispania zilikwishaiondoa sokoni dawa moja ya kupunguza uzito yenye dondoo la jani hilohilo, baada ya watumiaji kuugua ini. Basi kunywa kikombe. Kopo la vidonge liache.

Sasa rudi kwenye vile vijiko vinne. Asubuhi vinne, jioni vinne: nane kwa siku, yaani kama gramu 40 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema tukiweza tusivuke gramu 25 hivi. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na mzigo wake mkubwa hubebwa na ini. Ikizidi, ini huigeuza mafuta na kuyaweka humohumo ndani yake. Haliumi, halilii. Linabeba kimyakimya, miaka na miaka, mpaka siku linapochoka.

Habari njema ni kwamba ini husamehe. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifikisha kilo saba hadi tisa, hata uvimbe wa ndani huweza kutulia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hichohicho hupunguzwa haba kwa haba! Umefika kituo? Shuka, zunguka lori lako, tembea nusu saa kabla ya kukaa tena. Chapati mbili ziwe moja, na mboga za majani ziongezeke. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupe usizionee huruma: mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu kwa jirani zetu Dodoma na Manyara, na ini ndilo inaloliwinda kwanza. Pombe ipunguze. Kwenye kituo cha afya, uliza kipimo na chanjo ya homa ya ini B.

Chai ya kijani ukiipata, inywe bila sukari, mbali kidogo na mlo, maana chai hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga. Usipoipata, chai yako ya rangi inatosha.

Usingoje mwaka mpya wala daktari akutishe. Kesho alfajiri, kopo la sukari likifika mbele yako, tia kijiko cha kwanza. Halafu weka kijiko chini.