Mzee Si Kinyume cha Kijana

Agosti 2024 wasemaji wa Kiesperanto walifanya kongamano lao la 109 la dunia pale Arusha, la kwanza kufanyika Afrika. Lugha yao ilitungwa na daktari wa macho, L. L. Zamenhof, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza Warsaw mwaka 1887. Aliitaka iwe lugha isiyo na mwenyewe, ili watu wakutane humo wakiwa sawa.

Nia njema. Ila mimi kuna neno moja linanikwama: maljunulo. Jun- ni ujana, mal- hugeuza maana kuwa kinyume, -ul- ni mtu. Yaani mzee ni mtu aliye kinyume cha kijana. Mizizi imepungua, mwanafunzi kapumzika. Sasa shuka nalo mwalo wa Kibirizi, mfafanulie hivyo mzee anayeuza migebuka yake, uone atakavyokutazama. Kwetu uzee haupimwi kwa ujana uliopotea. “Mzee” ni heshima, hata bosi wa miaka 40 anaitwa hivyo.

Mwesperanto atasema mal- haina ubaya, na anayeizungumza kila siku wala hafikirii ujana akitamka neno lile. Sawa. Lakini kuna mtu alichagua kipi kiwe mzizi na kipi kiwe kinyume chake, na uzee ukakosa mzizi.

Wala sisemi Kiswahili kimeshuka mbinguni. Ujiji kililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani, ikawakuta Waha na Kiha chao. Na maneno ya kutungwa tunayo tele. Kishikwambi wengi tulikizoea Sensa ya 2022, karani kasimama mlangoni nacho mkononi. Tulicheka, kisha tukakubali. Tarakilishi tukawaachia Wakenya, tukabaki na kompyuta. Na wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na karabai hawakungoja kamati iwaruhusu neno hilo la kigeni.

Usawa ninaoujali mimi ni huo, wa kulikataa neno. Mwaka 1905, kule Boulogne-sur-Mer, Waesperanto walikubaliana kwamba msingi wa lugha yao usiguswe na mtu yeyote, hata Zamenhof mwenyewe. Naelewa kwa nini: bila hivyo lugha ingevunjika vipande. Maneno mapya yanaruhusiwa kuongezwa, hata mgebuka ukitaka. Ila mtu wa Kigoma akifika leo, mlango uko wazi, anakaribishwa kwa mikono miwili, na babu yake amekwisha kupewa jina.