Je, Mwaminifu Anahitaji Mkaguzi?

Fedha za sadaka zina wenyewe: aliyezitoa, anayestahili kuzipata, na Mwenyezi Mungu ambaye kwa ajili yake zimetolewa. Anayezishika katikati si mmoja wao. Hapo ndipo linapozuka swali la zamani, ambalo huzikuta hata asasi zisizojinasibisha na dini yoyote: mtu aliyeaminiwa kwa uchamungu wake, aombwe risiti? Kuna wanaoona kwamba kumdai hesabu ni kumvunjia heshima, kwa kuwa Mungu ndiye atakayemuuliza. Kuna wanaoona kwamba amana isiyo na shahidi ni mtego kwa yule yule anayeishika.

Uislamu na Ukristo, dini zenye wafuasi wengi zaidi Afrika Mashariki, zinaelemea upande wa pili. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na wanaoagizwa ni walioamini. Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya inakwenda mbali zaidi. Huyu alitumwa kukusanya zaka, akarudi Madina na mafungu mawili: moja la Waislamu, jingine alilodai kuwa amezawadiwa yeye. Mtume alipanda mimbari akamkemea, akihoji kama zawadi hizo zingemfuata angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Mgongano wa maslahi haujapata kuelezwa vizuri zaidi katika semina yoyote.

Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba mchango uliokusanywa kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu utapelekwa na zaidi ya mtu mmoja, ili asiwepo wa kuwalaumu. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasimulia kisa kilicho karibu zaidi na kazi ya asasi za leo: wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Malalamiko yao hayakuitwa fitina. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema kusimamia kazi hiyo, na mitume wakabaki na sala na mahubiri. Kuhubiri na kushika ghala, kwa maneno mengine, vilitenganishwa mapema.

Yanayotokea kanuni hizo zisipofuatwa yameonekana Minneapolis, Marekani, mji wenye historia ndefu ya hisani. Mfuko wa Minneapolis Foundation ulianzishwa mwaka 1915, na kampuni ya Dayton ilianza mwaka 1946 kutoa asilimia 5 ya faida yake kwa jamii. Sheria ya jimbo la Minnesota inataka asasi isiyo ya faida iwe na wajumbe wa bodi wasiopungua watatu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo ana kitengo cha kusimamia mashirika ya hisani, na asasi nyingi hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani taarifa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Katika mji huo huo ndipo lilipotokea shauri la asasi ya Feeding Our Future.

Asasi hiyo, iliyokuwa na ofisi St. Anthony pembeni ya Minneapolis, ilikuwa mdhamini wa vituo vya kulisha watoto kwa fedha za serikali kuu. Wakati wa janga la korona masharti ya mpango huo yalilegezwa. Mwaka 2019 asasi ilipitisha takriban dola milioni 3.4, mwaka 2021 ilikaribia dola milioni 200. Waendesha mashtaka walionyesha orodha za watoto wasiokuwepo na hesabu za milo isiyopikwa, huku fedha zikigeuka magari ya kifahari, nyumba, hata mali isiyohamishika katika pwani ya Kenya. Maofisa wa idara ya elimu ya jimbo walipohoji ukuaji huo, asasi iliwashtaki kwa madai ya ubaguzi. FBI ilifanya upekuzi Januari 2022, mashtaka ya kwanza dhidi ya watu 47 yakatangazwa Septemba, na mwanzilishi wake, Aimee Bock, alitiwa hatiani Machi 2025. Ripoti ya mkaguzi wa bunge la jimbo ya mwaka 2024 iliilaumu idara hiyo pia kwa usimamizi dhaifu.

Kanuni za uendeshaji mzuri husomeka vingine baada ya kisa hicho. Bodi ya jina tu haitoshi, hata ikitimiza idadi ya kisheria; mjumbe asiyeweza kumuuliza mkurugenzi swali gumu na kubaki na kiti chake si shahidi wa chochote. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayesaini hundi, wala anayepatanisha hesabu na taarifa ya benki. Mjumbe mwenye duka, ndugu au nyumba ya kupangisha inayohusika na uamuzi atangaze na atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe katika muhtasari wa kikao. Fedha zikiongezeka ghafla, bodi isubiri kabla ya kushangilia, na ihesabu sahani kwa macho yake. Kumlipa mtendaji si dhambi: aya ya 60 ya sura ya At-Tawba inawataja wanaozitumikia zaka miongoni mwa wanaostahili fungu. Kosa ni kujipangia fungu hilo gizani.

Hoja ya waliokataa ukaguzi haikosi uzito wote. Karatasi zinaweza kughushiwa, na Feeding Our Future ilikuwa na karatasi tele. Dhamiri, basi, haina mbadala. Lakini dhamiri haionekani, na mtoaji aliye mbali hana kingine cha kushika ila daftari. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tena hasara haimpati mwizi peke yake. Washtakiwa wengi wa Minneapolis walikuwa na asili ya Afrika Mashariki, na shaka ikaziangukia pia asasi za wenzao zilizolisha watoto kweli.

Funzo hilo linavihusu hata vyama vidogo vya Wakenya na Watanzania wa Minnesota vinavyochangishana kusafirisha maiti nyumbani. Mweka hazina anayesoma mapato na matumizi mbele ya wanachama, bila kusubiri kuombwa, hajatiliwa shaka na mtu. Ni yeye mwenye ushahidi siku atakaposingiziwa.