Kitanda Hiki Hakibebwi na Mtu Mmoja



Mama mmoja wa kigango chetu alinijia baada ya ibada ya Jumapili, akangoja watu watawanyike ndipo akasema. Mumewe alikuwa ameuza ng'ombe wa karo ya shule na fedha zote zikaishia kwenye chang'aa. Nami, kama tulivyozoea makatekista, nikamwambia avumilie, asali Rozari, auchukue msalaba wake. Akaitikia kwa heshima akaenda zake. Baada ya miezi mitatu akarudi, akaniuliza, "Katekista, nimesali. Sasa niende wapi?"

Sikuwa na jibu, na niliona haya. Haya ninayowaandikia leo ndiyo niliyoyapata baadaye kwa kuulizauliza.

Mnamkumbuka yule mtu wa Kapernaumu aliyepooza (Marko 2:1-12). Hakujiendea mwenyewe kwa Yesu. Alibebwa na watu wanne, na walipokuta mlango umejaa watu wakatoboa paa. Wake wengi miongoni mwetu hujaribu kukibeba kitanda hicho peke yao, tena usiku, majirani wasijue. Na waume pia, maana wako akina mama wanaokunywa, ila hao hufichwa zaidi.

Kuna watu waliokubali kubebana. Kundi lao huitwa Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Lilianza mwaka wa 1935 katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson alipokutana na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa wameshindwa na pombe, wakagundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mke, daktari au padre. Wako Wakatoliki wanaodhani hiyo ni dini ngeni. Si dini. Katika mji huohuo, mtawa wetu Sista Ignatia alianza mwaka wa 1939 kuwapokea walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, wakati hospitali nyingi hazikuwataka. Padre Edward Dowling, Mjesuiti, alikuwa rafiki na mshauri wa Bill kuanzia mwaka wa 1940. Hatua ya tano kati ya zile kumi na mbili za AA inamtaka mtu akiri makosa yake mbele ya Mungu, nafsi yake na mtu mwingine. Anayejua Kitubio hatashangaa, ingawa hatua hiyo haichukui nafasi ya sakramenti.

Basi utaupataje mkutano? Piga simu nambari 1192 ya NACADA; hutozwi chochote. Muulize pia paroko, au karani wa ofisi ya parokia, kwa sababu mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa. Huenda mmoja uko katika ukumbi unaoupita kila Jumapili. Aliye mbali na mji anaweza kuhudhuria kwa simu yenye intaneti. Kabla ya kwenda, uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mke au mume anaruhusiwa kuketi, au ni wa walevi peke yao. Hakuna ada, ila kikapu hupitishwa kwa mwenye kupenda kutoa. Hutaulizwa jina la ukoo. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Na kama mkutano wa kwanza haukumpendeza, jaribuni mwingine. Hata jumuiya ndogo ndogo hazifanani.

Nawasihi jambo moja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikatizwe pombe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Msimfungie chumbani mkidhani mnamsaidia. Mpelekeni hospitali kwanza, mkutano utamngoja.

Na akiwa anakupiga, dada yangu, sitakuambia tena uvumilie. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu aliye katika hatari kubwa kuondoka, yeye na watoto. Ondoka kwanza, mengine yatazungumzwa ukiwa salama.

Yule mama alimwomba mumewe waende mara mbili, naye akakataa mara zote mbili. Ndipo akaenda peke yake kwenye kikundi cha jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon. Hicho kilianzishwa mwaka wa 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake, kwa sababu aliyeishi na mlevi naye huumwa. Huko alijifunza kutomsingizia mumewe homa kwa mwajiri na kutolipa madeni yake ya kilabuni. Juma la nne mumewe akamuuliza, "Mnasema nini huko juu yangu?" Akajibu, "Baba Njeri, hatukutaji. Tunasema yetu. Wenzako wako chumba cha pili."

Jumamosi iliyofuata walipanda matatu pamoja. Baba huyo aliketi karibu na mlango, hakusema neno. Tangu hapo ameanguka mara moja, wakati wa Krismasi, na Jumamosi yake akarudi kwenye kiti kilekile. Ng'ombe hajapatikana bado, lakini karo ya muhula huu wameilipa nusu.